Kutoka mwanasesere wa kitambaa mpaka miwani ya picha: historia ya mgonjwa wa kuigiza katika shule za uuguzi

Kila muuguzi ana sindano ya kwanza aliyoichoma maishani, na kila sindano ya kwanza ilikuwa na mtu wa kuipokea. Mara nyingi mtu huyo hakuulizwa. Alikuwa mgonjwa aliyelala kitandani, mwanafunzi akaletwa mbele yake mkono ukitetemeka, na mwalimu akiwa nyuma anasema tu: "Choma." Siku hizi, katika nchi zenye uwezo, mwanafunzi anavaa miwani maalum, anaona mgonjwa ambaye hayupo amelala juu ya kitanda ambacho kipo, na anaruhusiwa kukosea. Teknolojia hiyo inaitwa uhalisia mseto. Wengi wanaizungumzia kama kitu kilichoshuka jana, lakini wazo lenyewe lina zaidi ya miaka 250, na lilianza na mkunga mmoja aliyejua kushona.

Mkunga huyo ni Angélique du Coudray wa Ufaransa. Katikati ya karne ya 18, wamama na watoto wengi walikuwa wanakufa wakati wa uzazi katika vijiji vya nchi hiyo. Mfalme Louis XV alikuwa na hofu yake mwenyewe: aliona watu wa ufalme wake wanapungua, na pasipo watoto hakuna askari wala walimaji. Mwaka wa 1759 akampa Bi du Coudray ruhusa rasmi ya kuzunguka nchi akifundisha ukunga.

Wanafunzi wake wengi walikuwa wanawake wa vijijini wasiojua kusoma, kwa hiyo kitabu peke yake kisingewafikisha mbali. Akatengeneza kwa kitambaa, ngozi na pamba kile alichokiita "mashine": tumbo la chini na mapaja ya mwanamke kwa ukubwa wa kweli, pamoja na mtoto wa kitambaa wa kutolewa humo. Mashine moja imebaki mpaka leo katika jumba la makumbusho la mji wa Rouen. Wataalamu walipoipiga picha ya eksirei, walikuta ndani yake mifupa ya nyonga ya mwanamke wa kweli. Mashine zingine zilikuwa na sponji zenye maji ya rangi, ili mwanafunzi azoee kuona damu kabla ya kuiona damu yenyewe.

Mwanafunzi aliingiza mkono, akamtafuta mtoto aliyekaa vibaya, akamgeuza, akamvuta. Akikosea, mtoto alirudishwa ndani na zoezi likaanza upya. Hapakuwa na matanga. Bi du Coudray alifanya kazi hiyo kwa zaidi ya miaka 20, akapita katika miji zaidi ya 40, na wanahistoria wanakadiria kwamba wanawake wapatao 5.000 walipita mikononi mwake. Tena miji ilinunua mashine zake ikabaki nazo, ili masomo yaendelee hata yeye akishaondoka. Kwa mtu aliyewahi kuona mradi wa afya unafunga mizigo siku ufadhili unapoisha, hapo ndipo penye akili kubwa ya mama huyo.

Wauguzi walipata mwanasesere wao baadaye sana, mwaka wa 1911. Katika mji wa Hartford, Marekani, mkubwa wa shule ya wauguzi ya hospitali ya hapo, Lauder Sutherland, alichoka kuona wanafunzi wanajifunza kumgeuza na kumwosha mgonjwa kwa kutumia masanamu yaliyojazwa majani makavu. Akamwandikia Martha Jenkins Chase, mama wa Rhode Island aliyejulikana kwa kutengeneza wanasesere wa watoto. Mama Chase alikuwa binti wa munganga na mke wa munganga. Wanasesere wake walikuwa wa kitambaa kilichopakwa rangi ya mafuta, kwa hiyo waliweza kuoshwa. Sutherland aliomba mmoja wa ukubwa wa mtu mzima, mwenye viungo vinavyokunjika.

Aliyefika Hartford aliitwa Bi Chase, kwa jina la mtengenezaji. Mwaka wa 1914 akaja mwingine aliyeboreshwa: mkono wake ulikuwa na sehemu ya kuchomwa sindano, na ndani ya tumbo alikuwa na chombo cha kupokea maji, ili wanafunzi wajifunze kuingiza mpira wa mkojo na kufanya enema. Kazi za aibu, ndiyo, lakini ni nusu ya kazi ya muuguzi, na ndizo mgonjwa anazoumia nazo zaidi zikifanywa na mtu asiyejua. Kwa miaka mingi wauguzi wa Marekani walimvua Bi Chase, wakamwosha, wakamvika, wakamlaza. Manekini wanaoonekana leo katika vyumba vya mazoezi vya shule za uuguzi, Congo ikiwemo, ni wajukuu zake.

Mjukuu mmoja anajulikana kuliko wote. Asmund Laerdal wa Stavanger, Norway, alikuwa mtengenezaji wa vitu vya watoto vya plastiki laini. Mtoto wake mwenyewe aliponea chupuchupu kufa maji. Wakati huo madaktari, Peter Safar akiwa mmoja wao, walikuwa wanaonyesha kwamba pumzi ya mdomo kwa mdomo inaweza kumrudisha mtu aliyeacha kupumua. Lakini utawafundishaje watu elfu kupuliza kinywani mwa mtu? Mwaka wa 1960 Laerdal akatoa manekini ya mwanamke yenye kifua kinachopanda pumzi ikiingia. Sura yake ilichukuliwa kwenye kinyago cha msichana ambaye, kwa masimulizi ya watu wa Paris, alitolewa amekufa katika mto Seine.

Mwaka huohuo wa 1960 Congo ilipata uhuru. Madaktari wengi Wabelgiji waliondoka katika vurugu zilizofuata, na hospitali nyingi zilibaki mikononi mwa wauguzi na wasaidizi wa madaktari Wakongomani. Shirika la Afya Duniani liliwatuma wengi wa wasaidizi hao Ufaransa wakamalize masomo ya udaktari. Walioachwa nyuma walijifunza kazi juu ya kazi. Katika vituo vya mbali mambo yaliendelea hivyo kwa miaka mingi, na mwaka wa 1976 dunia nzima ilijua gharama yake.

Mwaka huo, huko Yambuku, kaskazini mwa nchi iliyoitwa Zaïre, ulitokea ugonjwa ambao baadaye ulipewa jina la Ebola. Hospitali ya misioni ilikuwa inasifiwa kwa sindano zake, na watu walitoka mbali kuzifuata. Tume ya kimataifa iliyochunguza ilikuta kwamba kila asubuhi wauguzi walipewa mabomba matano ya sindano kwa ajili ya wagonjwa wote wa siku: wa kuja na kurudi, wamama wenye mimba na waliolazwa. Kati ya mgonjwa na mgonjwa, sindano ilisuuzwa tu ndani ya maji ya uvuguvugu. Watu 318 waliugua na 280 walikufa. Kati ya wafanyakazi 17 wa hospitali, 11 walikufa, na hospitali ikafungwa.

Masista na wauguzi wa Yambuku walijua kuchoma sindano. Mikono yao ilikuwa imezoea vizuri kabisa. Kilichokosekana ni mabomba ya kutosha, na mafunzo ya kile kinachofanyika kati ya sindano moja na nyingine. Kwa hiyo manekini wa kuchomwa mkono asingewaokoa. Zoezi linalookoa ni lile linaloigiza kazi nzima: foleni ndefu, vifaa vichache, mtu wa kuamua nini kifanyike na nini kisimamishwe. Wakati wa mlipuko wa Kivu ya Kaskazini na Ituri, kati ya 2018 na 2020, somo hilo lilikuwa limeingia. Watumishi wa afya walivalishwa na kuvuliwa mavazi ya kujikinga tena na tena kwenye mafunzo, mwenzao akiwaangalia hatua kwa hatua, kabla ya kuingia kwa wagonjwa. Huo nao ulikuwa ugonjwa wa kuigiza, bila mashine yoyote.

Kwa upande wa mashine, mawazo mapya yalitoka kwa watu wa ndege. Rubani hajifunzi ajali akiwa na abiria. Tangu mwishoni mwa miaka ya 1920, Edwin Link wa Marekani alikuwa ametengeneza chumba kidogo kinachotikisika kama ndege, ili rubani afanye makosa yake yote akiwa chini. Mwaka wa 1967, katika chuo kikuu cha Southern California, madaktari na wahandisi wakaleta wazo hilo hospitalini. Manekini yao, iliyoitwa Sim One, iliongozwa na kompyuta. Ilipumua, moyo wake ulipiga, macho yalifunguka na kufunga. Ilitumika kufundisha madaktari wa usingizi. Iliundwa moja tu, maana bei yake ilikuwa ya kutisha.

Mwaka mmoja baadaye, 1968, Ivan Sutherland (hana undugu na yule mkubwa wa shule ya Hartford) alionyesha kifaa cha kuvaa kichwani chenye vioo vya kupenyeza mwanga. Mvaaji aliona chumba alichomo, na juu ya chumba hicho akaona michoro ya mistari ikielea hewani. Kifaa kilikuwa kizito mno hata kikafungwa kwenye dari. Lakini jambo la msingi lilikuwa tayari limeonekana: macho yanaweza kupewa vitu viwili kwa pamoja, cha kweli na cha kuchora. Jina lilikuja baadaye, mwaka wa 1994, Paul Milgram na Fumio Kishino walipoandika juu ya uhalisia mseto wakiutofautisha na ule uhalisia pepe unaomfunika mtu macho yote asione tena mahali alipo.

Kwa muuguzi tofauti hiyo ni kubwa, kwa sababu anafanya kazi kwa mikono. Aliyefunikwa macho hawezi kushika mkono wa manekini, kupima mapigo, kufunga bendeji, kumpokea mtoto anayeteleza. Akivaa miwani ya uhalisia mseto, mikono yake inabaki juu ya kitu cha kweli, huku macho yakipewa kile ambacho plastiki haiwezi kuonyesha: uso unaokunjamana kwa maumivu, jasho, kidonda kinachobadilika rangi, mgonjwa anayeanza kuhema. Zoezi likiisha, mwalimu anawakalisha wanafunzi na kuwauliza waliona nini, kwa nini walichelewa, nani alipaswa kuita msaada. Walimu wa kazi hii wanasema kwamba mwanafunzi anajifunza zaidi katika mazungumzo hayo kuliko katika zoezi lenyewe.

Miwani iliyofungua mlango ni HoloLens ya kampuni Microsoft, iliyotoka mwaka wa 2016 kwa bei ya dola 3.000 za Marekani. Kampuni za elimu zikaanza kurekodi waigizaji kutoka pande zote na kuwageuza kuwa wagonjwa wa picha wa kuzungukwa na wanafunzi. Mwaka wa 2018 kampuni CAE ya Kanada, inayojulikana zaidi kwa mitambo ya kufundishia marubani, ilitangaza manekini ya mama anayezaa inayotumika pamoja na miwani hiyo. Mwanafunzi anashika tumbo kwa mikono, na kwa macho anamwona mtoto akishuka na kugeuka ndani ya nyonga. Bi du Coudray angeitambua mashine yake mara moja. Mwaka wa 2022, hospitali za chuo kikuu cha Cambridge, Uingereza, nazo zikaanza kufundisha kwa wagonjwa wa picha wenye shida za kupumua, kuanzia pumu.

Je, kuigiza kunaweza kuchukua nafasi ya staji ya hospitalini? Marekani walijaribu kulipima swali hilo. Baraza la taifa linalosimamia mitihani ya wauguzi lilifuata wanafunzi wa shule 10, na mwaka wa 2014 likatoa matokeo ya 666 waliofika mwisho. Kundi moja lilifanya staji ya kawaida, lingine likabadilisha robo ya saa zake kuwa mazoezi ya kuigiza, la tatu nusu nzima. Mwishoni makundi yote yalilingana katika mitihani na kazini. Wanaouza mashine wanapenda kulitaja jambo hilo. Wanapenda kidogo kutaja sharti lililoambatana nalo: walimu walikuwa wamefundishwa vizuri kwa kazi hiyo na mazoezi yalipangwa kwa uangalifu. Tena walilinganishwa na staji za Marekani, ambako mwanafunzi ana msimamizi na vifaa. Hapa Congo, wanafunzi wengi wa ITM na ISTM wanazunguka kitanda kimoja, na anayeshika ni yule aliye mbele.

Ushahidi ulio karibu zaidi na maisha ya Kivu unatoka Tanzania. Mwaka wa 2010 ulianzishwa mpango wa kusaidia watoto wachanga kupumua, pamoja na manekini ndogo inayoitwa NeoNatalie. Inajazwa maji ili iwe na uzito wa mtoto, na mwalimu anabonyeza mpira mdogo ili kitovu kipige au mtoto alie. Inapatikana pia yenye ngozi nyeusi. Somo lake kuu ni dakika ya kwanza: mtoto akizaliwa halii, akaushwe, apashwe joto, na ikibidi apewe hewa kwa mfuko kabla sekunde 60 hazijapita.

Katika hospitali ya Haydom, mkoa wa Manyara, watafiti waliwapa wakunga mafunzo ya siku moja, wakawapima. Kwenye manekini walifanya vizuri. Miezi saba baadaye walipoangaliwa chumbani na watoto wa kweli, karibu hakuna kilichobadilika. Wengine wangeandika ripoti nzuri juu ya idadi ya waliofundishwa na kufunga mradi. Haydom hawakuishia hapo. Waliiweka manekini palepale karibu na chumba cha kuzalia, wakapanga mazoezi ya dakika tatu mpaka tano kila wiki, na marudio ya dakika 40 kila mwezi. Matokeo yaliyochapishwa mwaka wa 2015 yalionyesha kwamba vifo vya watoto ndani ya saa 24 za kwanza vilishuka kutoka 11,1 hadi 7,2 kwa kila watoto 1.000. Manekini ni ileile na wakunga ni walewale.

Yeyote anayepanga kuleta miwani katika shule za uuguzi za Bukavu, Goma, Bunia au Lubumbashi angepaswa kuanza na hesabu hiyo ya dakika tatu. Miwani ina kazi yake. Inaweza kumwonyesha mwanafunzi mtoto anayekosa hewa mwenye ngozi nyeusi, ambaye ubluu wake hauonekani usoni bali kwenye ulimi, ufizi na kucha, jambo ambalo manekini mweupe wa kutoka Ulaya hawezi kulifundisha. Lakini ni lazima mtu amchore mtoto huyo kwanza. Na mgonjwa wa picha anayejibu kwa Kiingereza hamfundishi mwanafunzi kumwuliza mama wa Walungu, kwa Mashi na kwa heshima, damu ilianza kutoka lini. Kwa hilo kuna njia iliyoanza mwaka wa 1963, pale munganga Howard Barrows wa Marekani alipomfundisha mtu mzima wa afya kujifanya mgonjwa ili wanafunzi wamchunguze. Mwanafunzi mwenzako aliyefunga kikwembe, akashika tumbo na kulia kama mzazi, hahitaji umeme wala intaneti.

Upo pia upande wa vyuma vyenyewe. Toleo la pili la HoloLens lilifika dola 3.500 kwa miwani moja. Mnamo Oktoba 2024 Microsoft ilithibitisha kwamba imeacha kuitengeneza, na kwamba itaendelea kulinda programu zake mpaka mwisho wa 2027 tu. Shule zilizojenga masomo yao juu yake zinatafuta miwani ya kampuni nyingine na kuhamishia masomo huko. Kule Rouen, mashine ya kitambaa bado ina mtoto wake.